Utamu Kolea: Riwaya Ndefu Haina Njia ya Mkato

Katikati ya The Lord of the Rings, riwaya ndefu ya fantasia ya J.R.R. Tolkien, kuna mahali ambapo hadithi nzima inasimama ili mtu apike. Sam, mtunza bustani aliyemfuata bwana wake Frodo hadi kwenye mipaka ya nchi ya adui, amepata sungura wawili wadogo. Hana viazi wala karoti. Ana sufuria mbili, moja inaingia ndani ya nyingine, ana kijisanduku cha chumvi alichokibeba tangu nyumbani, na majani ya kunukia yaliyochumwa vichakani. Anawasha moto mdogo, anakatakata nyama, anasubiri. Frodo amelala pembeni. Chakula kikiiva wanakila humo humo sufuriani, wakipokezana uma mmoja na kijiko kimoja. Kisha mambo mengine yanazuka, safari inaendelea, na msomaji anamsahau sungura.

Au anadhani amemsahau. Sura 18 baadaye wawili hao wanajikokota kwenye nchi kame isiyo na maji, Frodo akiwa amelemewa na ile Pete ya adui anayoipeleka kuiteketeza, kiasi kwamba hata kunyanyua mkono ni kazi. Ili kumpa moyo, Sam anamwuliza kama anamkumbuka yule sungura. Frodo anajibu kwamba anajua mambo hayo yalitokea, lakini hawezi tena kuyaona. Ladha ya chakula, mguso wa maji, sauti ya upepo, sura ya mti au majani: vyote vimemtoka.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu mapajani. Ilikuwa usiku, nyumba imetulia, na koo langu limekaza. Mimi nilikuwa namkumbuka yule sungura. Nilikuwa nimemsoma wiki tano nyuma, na sasa alinirudia pamoja na kijisanduku cha chumvi na ule uma mmoja. Kumbukumbu aliyoipoteza Frodo ilikuwa salama kwangu. Nilijiona kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wa mwenzake bila kuambiwa, akaja kuugundua mabegani siku mwenye mzigo alipoanguka.

Kitabu hiki kilikaa rafuni kwangu miaka tisa. Kila nilipopita nilikiona, na kila nilipokiona nilijiambia nitakianza nikipata nafasi. Nilikianza mara mbili. Mara ya kwanza niliishia kwenye msitu wa mwanzoni, hata safari haijashika kasi. Mara ya pili nilikwama kwenye lile baraza refu ambapo watu wa kila kabila wanakaa kitako na kuelezana nani anajua nini kuhusu Pete. Nilipokichukua kwa mara ya tatu, kijikaratasi nilichoweka kama alama kilikuwa bado pale pale, kimeacha kivuli cha manjano kwenye ukurasa. Safari hii nilirudi ukurasa wa kwanza, nikasoma kwa mwendo wangu, bila ahadi ya kumaliza lini. Nilikimaliza kwa miezi mitatu. Furaha iliyonijia ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya, kwa sababu haikufanana na furaha ya kitabu kingine chochote nilichowahi kusoma, na nimekuwa nikijiuliza inatoka wapi.

Hoja yangu ni moja. Tumezoea kuuzungumzia urefu wa riwaya kama bei: unalipa kurasa 1,000 ndipo upewe hadithi, na mwenye muhtasari mzuri anakupunguzia bei. Mimi naona urefu ndio kifaa chenyewe anachofanyia kazi mwandishi. Ukiupunguza, hupati hadithi ile ile kwa muda mfupi. Unapata hadithi nyingine, na ile ya kwanza hujaisikia.

Kiswahili kina neno linalolieleza jambo hili kuliko lugha yoyote ninayoijua. Msimulizi akianza, wasikilizaji huitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Hatusemi utamu uje. Uongo ndio unaoitwa uje. Utamu unaombwa ukolee. Na kukolea ni kazi ya muda. Chumvi haikolei kwa kutiwa tu, wala rangi haikolei kwenye nguo kwa kuchovywa mara moja. Lazima kitu kikae ndani ya kitu mpaka viwe kimoja. Waliotuachia kiitikio hicho walijua kwamba hadithi ina vitu viwili, tukio na ukolezi, na kwamba cha pili hakiharakishwi. Lugha yenyewe ina historia ndefu ya subira hiyo. Utendi wa Tambuka, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,000.

J.R.R. Tolkien alianza kuandika riwaya hii Desemba 1937 na hakuikamilisha mpaka 1949. Kazi yake ya mchana ilikuwa kufundisha lugha na fasihi ya zamani Oxford, na wakati wa vita vya pili vya dunia kulikuwa na miezi mingi ambapo hadithi haikusonga. Maneno yake yanazidi 450,000. Mwenyewe aliihesabu kuwa riwaya moja yenye vitabu sita ndani yake. Ilitolewa kwa juzuu tatu kwa sababu karatasi ilikuwa ghali baada ya vita na mchapishaji aliogopa hasara. Juzuu ya kwanza na ya pili zilitoka mwaka 1954, Julai na Novemba. Ya tatu ilitoka Oktoba 1955.

Hebu fikiria maana ya tarehe hizo kwa msomaji wa wakati ule. Juzuu ya pili inaisha Frodo akiwa hai lakini mikononi mwa adui, na Sam yuko nje ya lango lililofungwa, peke yake gizani. Kisha ukurasa unaisha. Wasomaji wa kwanza waliachwa hapo miezi 11. Sisi tunafungua juzuu inayofuata papo hapo, na hata hivyo mwandishi hatupi tunachokitaka: juzuu ya tatu inatupeleka kwa watu wengine kabisa, vita vingine, mji mwingine, sura kumi nzima kabla ya kumrudia Sam pale langoni. Nilipokuwa nasoma sura hizo kumi nilikasirika. Nilitaka kurukia mbele. Sikuruka, na sasa nashukuru, kwa sababu ndani ya sura hizo kila mtu anayepigana hajui kama Frodo yu hai, na msomaji naye amewekwa katika kutojua huko huko kwa muda wa kutosha kumchosha. Ningeweza kuambiwa kwa sentensi moja kwamba walisubiri kwa wasiwasi, nami ningeielewa sentensi hiyo bila kuuhisi hata kidogo ule wasiwasi.

Waliotazama filamu tatu za Peter Jackson, zilizotoka kati ya 2001 na 2003, mara nyingi huona hawana haja ya kusoma. Nilikuwa mmoja wao, na hiyo ilikuwa sababu kubwa ya ile miaka tisa. Filamu hizo nazipenda na sizisemi vibaya. Lakini chukua mfano mmoja. Kitabuni, kati ya siku Frodo anaporithi Pete na siku anapoondoka nyumbani inapita miaka 17. Miaka 17 ya kuishi kijijini, kutembea vilimani na kuzoea. Frodo anaanza safari akiwa na umri wa miaka 50. Huyo si kijana anayetafuta makuu. Ni mtu mzima mwenye nyumba yake, anayejua kwa undani kile anachokiacha. Kwenye filamu muda huo hausikiki kabisa, na kuaga kwake kunakuwa mwanzo wa vituko. Kitabuni kuaga kule ni msiba mdogo.

Na kuna mwisho. Kwangu hapa ndipo urefu unapofanya kazi yake kubwa kuliko zote, na ambaye hajasoma na hataki kujua na aruke aya hii na inayofuata. Pete inateketea, adui anaanguka, kazi imekwisha. Hadithi fupi ingefungwa hapo kwa shangwe. Tolkien anabakisha sura sita. Watu wanaagana, mmoja mmoja, njiani, polepole, kwa mpangilio wa kinyume na ule waliokutana nao. Kisha wale mahobiti wanne, yaani Frodo, Sam na wenzao wawili wa kabila lao la watu wadogo, wanafika kwao na kukuta kwao kumeharibiwa: miti imekatwa, watu wanaishi kwa amri na hofu, na kuna mabango ya makatazo kila mahali. Hakuna mchawi wa kuwaokoa. Wanalazimika kupigania kijiji chao wenyewe, na wanakipigania vizuri kwa sababu safari imewafunza. Filamu iliiacha sura hiyo kabisa, nami naelewa kwa nini. Mtazamaji aliyekaa ukumbini saa tatu hana nguvu ya vita kingine. Lakini msomaji wa miezi mitatu anayo. Yeye anakijua kijiji kile. Alikaa humo mwanzoni, kwenye zile sura ambazo wengi hulalamika kwamba zinachelewa, akasoma kuhusu vilima na bustani na majirani wenye midomo mirefu. Miti inapokatwa, inakatwa yake.

Hata baada ya kijiji kupona, Frodo hapati nafuu. Kila mwaka, tarehe aliyojeruhiwa inapofika, anaugua. Sam anaoa, wenzake wanajenga, wanapanda. Yeye yuko pale na hayuko. Tolkien alipigana Somme, Ufaransa, mwaka 1916 katika vita vya kwanza vya dunia, na kufikia mwisho wa vita hivyo rafiki zake wa karibu, isipokuwa mmoja, walikuwa wamekufa. Hakupenda watu wafumbue riwaya yake kama fumbo la vita fulani, nami sitafanya hivyo. Nasema tu kwamba aliyeandika kurasa zile anajua jinsi mtu anavyoweza kurudi nyumbani mzima wa viungo na bado asirudi. Jambo hilo halisemeki mara moja likaingia. Inabidi msomaji aone mwaka unapita, halafu mwingine, na ile tarehe inarudi.

Si wote waliovutiwa. Mwaka 1956 Edmund Wilson, mhakiki mkubwa wa Marekani wakati huo, aliishambulia vikali, akaiona ni hadithi ya watoto iliyovimba kupita kiasi. Lakini katika uhakiki huo huo anaeleza kwamba amemaliza kumsomea bintiye wa miaka saba kitabu chote kwa sauti, na kwamba mtoto alisikiliza bila kuchoka. Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi. Baba mwenye akili kali amekaa jioni baada ya jioni akisoma kwa sauti kitabu asichokiheshimu, na mtoto anasikiliza mpaka neno la mwisho. Nadhani mtoto alikuwa anafanya kile ambacho baba yake alikataa kukifanya: alikiacha kikolee. Wilson alikuwa anapima sentensi na wahusika kama mtu anayeonja mchuzi kwa ncha ya ulimi kila dakika. Sentensi za Tolkien hazistahimili kipimo hicho kila mara, nakiri. Kuna kurasa nzito, na kuna mashairi ambayo hata mimi niliyapita haraka. Lakini kitabu hiki kinafanya kazi kwa wingi wa siku, na wingi wa siku haupimiki kwa kuonja.

Lazima niseme pia kwamba urefu peke yake haumtukuzi mtu. Kuna riwaya za fantasia ambazo ni ndefu kwa sababu mwandishi hakutaka kuachana na wahusika wake, au kwa sababu juzuu zilikuwa zinauzika. The Wheel of Time ya Robert Jordan ilianza 1990 na ikaisha 2013, juzuu 14, tatu za mwisho zikiwa zimekamilishwa na Brandon Sanderson baada ya Jordan kufariki mwaka 2007. Hata wapenzi wake wa dhati hukubali kwamba juzuu za katikati zinakokota. Kipimo changu ni rahisi: je, kilichosemwa mapema kinakuja kudaiwa baadaye? Yule sungura alidaiwa. Kijiji kilidaiwa. Hata chumvi ya Sam ni sehemu ya deni, maana aliibeba toka nyumbani akitumaini kuna siku atapika, na tumaini hilo dogo ndilo linalowafikisha. Kurasa zinazorudi kudai zinastahili kuwepo. Zisizorudi ni uzito wa karatasi.

Kuna shutuma nyingine ya zamani, kwamba fantasia ni kukimbia ulimwengu, na fantasia ndefu basi ni kukimbia mbali zaidi. Tolkien aliijibu mwaka 1939 katika mhadhara alioutoa Chuo Kikuu cha St Andrews, huko Uskoti. Alisema wakosoaji wanachanganya mfungwa anayetoroka gerezani na askari anayetoroka vitani. Wa kwanza hana kosa. Katika mhadhara huo huo alieleza imani anayoijenga msimulizi hodari: msikilizaji hajilazimishi kuamini, anaingia tu katika ulimwengu wa pili na akiwa ndani anaona kila kitu ni kweli kwa sheria za huko. Niliposoma maelezo hayo nilimkumbuka Shaaban Robert, aliyetoa mwaka 1951 riwaya kuhusu nchi iliyo angani na kuipa jina Kusadikika. Nia yake ilikuwa tofauti, yeye alikuwa na watawala wa kuwaambia jambo. Lakini jina lile! Mwingereza anahitaji mhadhara mzima kueleza sifa ya nchi ya kubuni. Shaaban Robert ameiweka yote katika kitenzi kimoja, akakifanya kuwa jina la nchi.

Na kusadikika nako kunataka muda. Wiki ya kwanza nilikuwa nasoma nikijua nasoma. Majina yalinichanganya, nilirudi kwenye ramani mara kwa mara, kidole kimoja kikiwa kimebana ukurasa niliotoka. Wiki ya nne niligundua kwamba sijaitazama ramani kwa siku kadhaa. Nilikuwa najua milima iko upande gani. Nilikuwa najua mto unaelekea wapi. Nikiwa kwenye shughuli zangu za mchana, katikati ya jambo lisilohusiana kabisa, nilikuwa najiuliza wale wawili wamelala wapi, na ilinichukua nukta kidogo kukumbuka kwamba wamelala pale pale nilipowaacha, ukurasa fulani, chini ya kijikaratasi. Safari yao, tangu kuondoka nyumbani hadi mlimani, inachukua miezi sita. Mimi niliwafuata kwa nusu ya muda huo. Hakuna sanaa nyingine ninayoijua inayomkaribisha mtu aishi na watu wake kwa kipimo kinachokaribia hivyo saa zao wenyewe.

Nafikiri ndiyo maana furaha ya kumaliza ilikuwa na huzuni ndani yake, na ndiyo maana sikuweza kuigawa kwa mtu aliyeniuliza, "Kwani kinahusu nini?" Nilianza kumjibu. Nikasema kuna pete, kuna mlima, kuna watu wadogo wanaotakiwa kuipeleka pete mlimani. Niliona usoni mwake kwamba ameshaelewa, na mimi nilijua hajaelewa chochote, na sikuwa na jinsi ya kumsaidia isipokuwa kumpa kitabu. Ningempa nini kingine? Sungura bila zile sura 18 ni sungura tu.

Siku hizi watu wengi hujiwekea hesabu ya vitabu vya mwaka, na sina ugomvi na anayehesabu. Ila hesabu hiyo inamwadhibu anayechukua kitabu kama hiki. Kwa muda niliokisoma ningeweza kumaliza vinane vyembamba. Nilipoacha kuhesabu ndipo nilipoanza kusoma kweli, na naamini ile miaka tisa ya kukwepa ilitokana zaidi na hesabu kuliko na ukosefu wa muda. Nafasi nilikuwa nayo. Kilichonitisha ni kutoa nafasi hiyo yote kwa kitu kimoja.

Katika utangulizi wa toleo la pili Tolkien anagusia lawama alizopokea, na anakiri kuwa kitabu kina kasoro nyingi, ila anakubaliana hadharani na moja tu ambayo wasomaji waliitaja: kwamba kitabu ni kifupi mno. Nilipolisoma hilo mwanzoni nililiona ni utani wa mwandishi. Sasa naliona ni maelezo sahihi ya hali niliyokuwa nayo usiku wa mwisho.

Usiku ule kitabu kilinidanganya, na udanganyifu wenyewe ulikuwa wa mikononi. Kurasa za kushoto zilikuwa nzito, za kulia bado zina unene wa kidole. Nilijua kwa hisia za gumba kwamba bado nina siku tatu au nne. Nikageuza ukurasa. Sam amerudi kwake jioni, taa imewaka, chakula kiko tayari, mkewe anamweka kitini na kumpakatisha mtoto wao, naye anavuta pumzi na kusema amerudi. Nikageuza tena nikitarajia sura nyingine, nikakuta nyongeza: nasaba za wafalme, kalenda, herufi, matamshi. Ule unene wote wa kidole haukuwa hadithi. Hadithi ilikuwa imekwisha ukurasa uliopita, nami nilikuwa nimeshaupita.

Nilirudi nikausoma upya, safari hii kwa sauti.

Baadaye nilijua kwamba Tolkien aliandika sura moja zaidi kisha akaiondoa. Ilichapishwa mwaka 1992, miaka mingi baada ya kifo chake. Ndani yake Sam amezeeka kidogo, amekaa na watoto wake, anawasomea hadithi hii hii kutoka kwenye kitabu kikubwa, nao hawaachi kuuliza: fulani alipatwa na nini, na yule farasi je, na wale je? Bado sijaisoma yote. Kwa sasa niko kwenye nyongeza, kurasa mbili kila usiku, kwenye nasaba za watu ambao wengi wao hawakutokea hata mara moja katika hadithi. Kijikaratasi kile cha zamani ndicho ninachotumia.